Mashine Isiyolipa

Mikono yangu haijui kukaa. Ukinikuta nimeketi, mguu unatingisha meza, na meza inatingisha chai ya mwenzangu. Marehemu mamangu alikuwa akisema nilizaliwa na haraka ya kwenda mahali na hakuna aliyeniambia ni wapi. Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Sultan Hamud, kibanda cha mabati ya bluu karibu na reli ya zamani. Malori ya Mombasa yakipita, bisibisi zangu zinaruka juu ya meza. Hata vitu vyangu havitulii.

Sasa watu wa hapa wanasema ati Kisilu, ndiye mimi, alirudia kamari. Wanakuja kununua chaja, wananiangalia usoni, wanasema. Nikianza kuwaeleza wananijibu "aiya, aiya", vile mtu husema akitaka umalize aende zake. Wacha basi nieleze vizuri, kwa sababu nimechoka kuelezewa na wengine.

Kamari nilicheza, sikatai. Ile ya simu, ya kandege kanakopaa, na wewe unatakiwa kugusa kabla hakajapotea. Kathini, mke wangu, alivumilia mpaka siku aliyotoka kanisani akakuta cherehani yake haipo, nimeiuza nikacheze. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya, kelele naziweza. Alikusanya nguo, akamshika mkono binti yetu Kanyiva, wakapanda gari kwenda kwa babake, Mbumbuni.

Kwetu Ukambani, mke akirudi kwao humfuati hivi hivi tu. Mkono mtupu haulambwi. Unaenda na mbuzi, na mzee wa kukusemea. Nilienda na mbuzi dume mweupe, mnene, na amu yangu mmoja anayejua kuongea. Baba mkwe, Mzee Kitonga, ni shemasi wa kanisa na mkulima wa ndengu, mtu asiyepandisha sauti hata akifukuza ng'ombe shambani. Alimsikiliza amu mpaka akaishiwa na maneno. Akamtazama mbuzi. Akanitazama mimi.

"Mbuzi ni mzuri," akasema. "Rudi naye. Mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga ndoa, nilishapokea wakati ule, na nikakupa mtoto wangu. Sasa kaache haka kamchezo kwanza. Siku moja nitakuja mwenyewe nione. Nikiridhika, Kathini atarudi, na sitakudai hata kuku."

Nthoni, ile heshima ya ukwe, inakufunga mdomo. Mkwe ni mkwe: humpandishii sauti, humbishii, hata kiti alichokalia hukikalii. Nilisema "sawa baba" na hasira zote nikazimeza. Njia nzima ya kurudi nilimgombeza mbuzi.

Nikaacha. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu ndilo watu wanaruka. Simu kubwa niliiuza, nikanunua kabambe ya kupiga na kupokea. Lakini mazoea yana taabu. Kichwa kilikubali, kidole gumba kikakataa. Nilikuwa nikikaa na mteja nikiona kidole kinagonga meza peke yake, kinatafuta kale kandege. Nikafungua redio nzima ambazo hazikuwa zimeharibika. Nikagombana na mama wa mboga juu ya nyanya. Jirani yangu Ndululu, jamaa wa chai na mandazi hapo mlango wa pili, akaniambia, "Kisilu, wewe ulikuwa mtu mzuri ukipoteza pesa."

Kukawa hivyo mpaka Hemedi aliponipigia kutoka Kitui.

Hemedi ni mfanyabiashara, babu yake alitoka pwani akaja Kitui mjini kuuza vitambaa na ukoo ukabaki. Yeye anauza vitu vya kontena: vitanda vya hospitali, baiskeli, friji zilizochoka Ulaya zikaja kumalizia uhai huku. Nimemtengenezea vingi. "Ndugu yangu," akasema, "kuna kitu kimeniletea balaa dukani. Njoo ukitazame, tafadhali."

Kilikuwa nyuma ya rundo la magodoro. Kama meza, lakini imeinama, ina kioo juu, na ndani kumechorwa mji mzima wenye mataa, njia, vichochoro. Kichwani ina ubao mrefu wa kuhesabu alama. Miguu minne ya chuma. Hemedi akaniambia inaitwa pinboli. Unavuta springi hapa kulia, mpira wa chuma unarushwa juu, unashuka ukigongagonga, na huku chini kuna vikono viwili unavyovichezesha kwa vitufe vya ubavuni, uurudishe juu usizame katikati. Basi.

"Basi?" nikauliza.

"Basi. Na haiwaki, na chifu amekwisha kuja kuniuliza kama ni kamari. Ukiiwasha, ni yako. Mimi nataka nafasi yangu tu."

Sitadanganya, nilitaka kukataa. Halafu nikaweka vidole kwenye vile vitufe viwili, kushoto na kulia, nione tu kama vinabonyea. Vidole vyote viwili vikapata kazi mara moja. Sijui nikuelezeje. Tuliipakia kwenye pikapu jioni hiyo hiyo, imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa.

Kuitengeneza kulinituliza kuliko maombi, Mungu anisamehe. Fyuzi zilikuwa zimekufa zote. Koili ya kikono cha kushoto ilikuwa imeungua, nikaisuka upya kwa waya. Raba zilikuwa zimekauka zinavunjika kama biskuti, nikakata nyingine kutoka tyubu ya pikipiki. Na pale pa kuingizia sarafu, nasema hili nikiwa na akili timamu, nilipaziba kwa bati na kulipigilia ribiti. Nikaunganisha waya ndani ili mchezo uanze kwa kubonyeza tu. Hakuna sarafu iliyowahi kuingia kwenye mashine ile ikiwa kwangu. Hata moja.

Ikawaka. Taa zikakimbia kutoka chini hadi juu, kengele ikalia, na Ndululu akamwaga chai.

Mpira wa kwanza nilivuta springi, ukapanda, ukagonga vile vitu vitatu vya duara vinavyofanana na uyoga, tap tap tap, ukashuka katikati ya vikono moja kwa moja. Sikuugusa. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu niliugusa, ukaruka pembeni, ukazama kwenye kichochoro cha kushoto. Nikaipiga mashine teke. Taa zote zikazimika, vikono vikalegea, ikaninunia. Nilidhani nimeiua. Kumbe ndani kuna kipima kimoja, kachuma kamening'inia, ukiitikisa sana kanagusa duara na mchezo unakatika. Mashine haitaki kupigwa. Unaweza kuisukuma kidogo kwa nyonga, kwa adabu, mpira ubadilishe mawazo. Ukileta hasira, imeisha.

Fikiria mtu kama mimi kuambiwa hivyo na meza.

Nilijifunza pole pole, na kwa aibu. Mwanzoni nilikuwa nabonyeza vitufe vyote viwili pamoja kila mpira ukishuka, pa pa pa pa, kama mtu anayefukuza nzi. Hivyo unaacha uwazi katikati na mpira unapita ukikucheka. Halafu nikagundua siri: kila mkono na kazi yake. Mpira ukija kulia, kulia peke yake. Na ukiinua kikono ukakishikilia juu, mpira unaweza kuja ukalala pale kwenye pembe, ukatulia kabisa. Unapumua. Unachagua unakotaka kuupeleka. Unaachilia, unasubiri ufike ncha, unapiga. Ukiingia kwenye ile njia ya juu kulia, taa za mji wote zinawaka. Siku nilipoipata njia ile kwa kutaka, si kwa bahati, nilipiga ukelele mpaka kondakta mmoja akaja kuuliza ni nani amekufa.

Kidole gumba kikaacha kugonga meza. Nikalala. Mama wa mboga akaanza kunisalimia. Nikasema, dawa ya moto ni moto, na Mungu ni mwema.

Ila unajua nchi yetu. Miaka ile mashine za kamari zilipojaa kila soko, zile za mataa zinazomeza sarafu za watu, machifu walizikusanya zikachomwa hadharani na watu wakashangilia. Tangu hapo kitu chochote chenye taa na kengele, mtu wa huku anajua ni nini kabla hajauliza. Ndululu mwenyewe, anayekaa hatua chache na anaona hakuna pesa, aliniambia, "Lakini inalia kama zile." Nikamwonyesha lile bati. Akasema, "Bati naliona. Sauti je?" Kutoka kwa Ndululu habari ikaingia kwa mama fulani wa ushirika, na ushirika wa akina mama hauhitaji mtandao. Kufumba na kufumbua ilikuwa Mbumbuni.

Mzee Kitonga akanipigia. "Kisilu, nimesikia umeleta mashine."

"Baba, si kamari. Naapa."

"Usiape. Jumamosi nitakuja nione. Nitakuja na Kathini na mtoto. Kama mambo ni mazuri, watabaki."

Watabaki! Nilikata simu nikaanza kutembea ndani ya kibanda ambacho hakina mahali pa kutembea. Nilifagia, nikafagia tena. Nilifua pazia. Nilinunua vikombe vipya, nikanunua mkate, nikamwambia Ndululu awe na soda ya Kanyiva, ile nyekundu. Shati nililopiga pasi nilivaa nikavua nikalipiga pasi tena. Kila gari likisimama stejini nilikuwa natoka nje kuangalia. Nilikuwa na hamu na yule mwanamke vibaya sana. Nilikuwa na hamu na mtoto, hata sauti yake nilikuwa naisikia kwenye redio za watu.

Wakafika kabla ya adhuhuri. Mzee mbele na kofia na koti lake la kanisani, Kathini nyuma na mkoba begani, na mwingine mkubwa mkononi. Niliuona ule mkubwa. Mtu haji na mkoba mkubwa akipanga kurudi siku hiyo hiyo. Kanyiva alikimbia akanikumbatia miguu, amerefuka, jino moja la mbele limeng'oka.

"Umekonda, Baba Kanyiva," Kathini akasema.

"Nani wa kunipikia?"

Akacheka kidogo. Haki ya Mungu, alicheka. Aliwaacha kwanza wanaume wazungumze, akaenda kukaa kwa Ndululu na Kanyiva na soda yake, mikoba miguuni.

Mzee aliizunguka mashine kama mtu anayenunua ng'ombe. Aliinama akaangalia chini. Akapitisha mkono nyuma. Akagonga lile bati kwa ukucha.

"Inalipia wapi?"

"Hailipi, baba."

"Mtu akishinda?"

"Anapewa mpira mwingine acheze tena."

"Na akishinda tena?"

"Anacheza tena."

"Hata kikombe hapewi?"

"Hata kikombe."

"Sasa watu wa huko ilikotoka walikuwa wanatafuta nini?" akauliza, na hakuwa ananiuliza mimi. Akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akaniambia niiwashe.

Alicheza kama nilivyoanza mimi, pa pa pa pa. Mpira ukazama. "Asi!" akasema. Akavuta springi tena. Ukazama. Akakunja mikono ya shati. Shemasi mzima, mtu wa kusoma matangazo kanisani, ananiuliza kwa nini unapita katikati, na mimi namwonyesha, baba, kila mkono na kazi yake. Mpira wake wa mwisho aligusa uyoga mara nyingi na kengele zikalia mfululizo, akacheka mpaka akashika kifua. Nikajua nimepona. Nilitaka kulia.

"Haya, cheza wewe nikuone," akasema. "Fundi aonekane."

Nikaingia.

Sijawahi kucheza hivyo maishani. Mpira wa kwanza nilioupokea ulilala kwenye kikono cha kulia kama kifaranga, nikautuma njia ya juu, mji ukawaka. Ukarudi kushoto, nikaukamata, nikautuma tena. Mzee yuko begani kwangu anashangilia kama ni kijana wa sekondari. "Hapo! Hapo! Urudishe!" Mashine ikatoa mpira wa pili ukiwa wa kwanza bado unatembea. Hilo lilikuwa halijanitokea. Mipira miwili! Macho yangu yakagawanyika, mikono ikagawanyika, na nilikuwa mtulivu, unaelewa? Kwa mara ya kwanza mbele ya mkwe wangu nilikuwa mtulivu. Nikahisi suruali inavutwa, Kanyiva ametoka kule kwa mamake.

"Baba."

"Ngoja kidogo, mama."

Njia ya juu. Taa. Uyoga. Mmoja unashuka kulia, mwingine umepanda.

"Baba, nataka kukojoa."

"Ngoja, ngoja, namaliza."

"Urudishe!" Mzee akasema, na mpira nikaurudisha.

Sikumbuki kama nilivutwa tena. Nakumbuka alama zilivuka pale ambapo sikuwahi kufika, namba zikazunguka, kengele moja ya ndani ambayo sikujua ipo ikalia, na mipira ikazama mmoja baada ya mwingine kwa raha zake. Niliinua mikono yote miwili juu nikageuka.

Mzee alikuwa amenishika bega. "Hii si kamari," akasema kwa sauti, ili na Ndululu asikie. "Nimeona kwa macho yangu. Atakayesema ni kamari aje kwangu. Kathini! Lete hiyo mikoba, mama."

Kathini alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Hakuwa akimtazama babake, wala mimi. Nikafuata macho yake.

Kanyiva alikuwa amesimama nyuma yangu, miguu imebanwa pamoja. Soksi nyeupe zimelowa. Sakafu imelowa mpaka kwenye mguu wa mashine. Hakuwa analia. Alikuwa ameshika gauni lake la Jumapili kwa mikono miwili, amelinyanyua lisiguse maji.

"Mtoto ni mtoto," nikasema haraka. "Ni soda. Nitapanguza."

"Nimemsikia nikiwa kule kwa chai," Kathini akasema. "Wewe ulikuwa hapa."

Mzee akavua kofia. "Hata mimi sikumsikia, mwanangu. Kelele za hii kitu."

"Wewe ni babu yake, baba."

"Kathini, umesikia vile mzee amesema," nikamwambia. "Si kamari! Hakuna shilingi hapo ndani!"

"Nimesikia. Na ni kweli." Alikuwa anaongea pole pole, kama anajieleza mwenyewe. "Mimi nilidhani ni pesa, Baba Kanyiva. Mwaka mzima najiambia, ni pesa, akiacha kupoteza pesa atarudi. Hata ile cherehani nilikuwa nimekusamehe. Kumbe hata ingekuwa unashinda ningekuwa nakaa na mgongo wako."

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. "Dakika ngapi?" nikapiga kelele. "Dakika ngapi, Kathini? Nilikuwa nacheza kwa ajili yako! Nilikuwa namwonyesha babako ili urudi nyumbani!"

Nilipiga kelele hivyo mbele ya mkwe wangu. Mzee hakunikemea. Alitazama msumari uliokuwa na koti lake, akalichukua, akaanza kulivaa, na mkono mmoja ukamshinda kuupata.

"Leo narudi na baba," Kathini akasema. "Sina hasira na wewe. Ningekuwa na hasira ningebaki."

Akainama kuchukua nguo safi kwenye ule mkoba mkubwa. Nikamwambia aniachie. Sijui kwa nini aliniachia. Nilichukua beseni, nikatia maji ya birika yaliyokuwa ya chai, nikachanganya na baridi, nikapiga magoti. Nikamvua viatu, nikamvua soksi. Mashine nyuma yangu ilikuwa imeanza kuwasha taa zake peke yake, vile inavyofanya ikitaka mtu. Nilimwosha mguu mmoja, halafu wa pili, katikati ya vidole, pole pole, na yeye amenishika kichwa asianguke.

Akainama karibu na sikio langu ili mamake asisikie.

"Baba," akaninong'oneza, "mimi nilingoja."